Wasomaji wanauliza: Baiskeli ukubwani

Toleo lililopita dada mmoja wa Sinza aliuliza kama mtu wa miaka 40 anaweza kujifunza baiskeli, nikamjibu ndiyo anaweza, nikaishia hapo maana nafasi ilikuwa imebana. Basi mmenimiminia meseji jamani, kumbe mko wengi mjini hapa mnaopishana na baiskeli kila siku na hamjawahi kuipanda. Nimechagua hizi sita, nyingine zimefanana sana nazo. Na wanaouliza darasa langu ni shilingi ngapi, mi sifundishi kwa hela, msinitafute kwa hilo.

SWALI: Habari za kazi kaka. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 43, niko Tabata. Kwetu nilikokulia baiskeli ilikuwa ya kaka zangu, sisi wasichana ndoo za maji. Sasa shemeji yangu ananifundisha jioni, anashika siti kwa nyuma tunakimbia wote, nikijua kanishika naenda vizuri kabisa ila akiachia tu niko chini. Magoti yote yamechubuka na watoto wa mtaa mzima wanapanga foleni kuja kuniangalia. Niache au niendelee?

JIBU: Pole sana dada yangu. Endelea, ila shemeji mshukuru na umwambie apumzike kwanza.

Mtindo huo wa kushikiwa siti ndio wengi tumeukuta na ndio unaowachelewesha watu wazima, na sababu yake ni hii. Baiskeli haisimami kwa sababu mtu ana nguvu au ana kipaji, inasimama kwa sababu anayeiendesha anaigeuza kidogokidogo kuelekea upande inakotaka kuangukia. Ikilalia kushoto usukani unaenda kushoto kidogo, tairi zinarudi chini yako, unanyooka. Ikilalia kulia hivyohivyo. Anayejua anafanya hivyo muda wote bila kujijua. Sasa shemeji akishika siti yeye ndo anayezuia ule mlalo, mwili wako haupati taarifa yoyote, halafu akiachia ndo unaanza darasa la kwanza ukiwa tayari kwenye spidi na miguu iko juu. Lazima udondoke, sio uzembe wako.

Fanya hivi. Nenda kwa fundi baiskeli, mwambie azifungue pedeli zote mbili na ashushe siti mpaka ukikaa nyayo zako zote zinagusa chini vizuri, visigino na vyenyewe. Fundi atakucheka kidogo, muache acheke. Kama mnafungua wenyewe nyumbani, spana ya namba 15 ndo inaingia kwenye nyingi, na jueni kwamba pedeli ya kushoto inafunguka kinyume na nati zote mlizozizoea. Njia rahisi ya kukumbuka, spana ikiwa imesimama juu ivuteni kuelekea tairi ya nyuma, pande zote mbili ni hivyohivyo. Siku ya kurudisha muangalie herufi, R ni ya kulia na L ya kushoto, ukilazimisha ya kushoto iingie kulia unaua zile thredi za krenki (ule mkono wa chuma pedeli inapofungwa) na hapo unanunua krenki nyingine.

Baada ya hapo unakaa kwenye siti na kutembea, ndio, kutembea tu huku umekalia. Halafu hatua ndefu kidogo. Halafu unasukuma kwa miguu yote miwili kwa pamoja na kuinyanyua, unaserereka, ukihisi inataka kulala unaweka mguu chini, basi, hamna aliyeanguka. Na hii sio mbinu ya kitoto, baiskeli ya kwanza kabisa aliyoitengeneza Mjerumani Karl Drais mwaka 1817 haikuwa na pedeli, watu wazima na makoti yao walikuwa wanaisukuma kwa miguu, pedeli zimekuja kushika chati miaka ya 1860 kule Paris.

Ukishaweza kuserereka huku unahesabu taratibu mpaka sita bila mguu kugusa, na ukaweza kukata kona pana kushoto na kulia, ndo rudisha pedeli. Siti usiipandishe bado. Wapo wanaofika hapo kwa asubuhi moja, wengine wanakwenda wikendi tatu nne, yote sawa tu. Kuondoka unaweka pedeli ya mguu wako wenye nguvu mbele na juu, pale mshale wa saa unapokaa ikiwa saa nane, mguu mwingine uko chini, unakanyaga kwa nguvu moja ya kueleweka huku unaangalia mbele. Wengi wanafeli hapa kwa sababu wanakanyaga kwa woga, baiskeli haipati mwendo inayumba, wakati ikiwa na mwendo kidogo inatulia kuliko ikienda polepole sana.

Sehemu je. Tafuta ardhi ngumu iliyonyooka yenye kamteremko kadogo tu, uwanja wa shule Jumapili (omba ruhusa kwa mlinzi), au parking ya kanisa katikati ya wiki. Mchanga wa mitaa yetu hapana, tairi inazama na mwanafunzi anadhani tatizo ni yeye. Kuna wanaopenda ufukweni bahari ikipwa, pale mchanga mbichi unakuwa mgumu na ukianguka huumii sana, sikatai, ila ukirudi imwagie maji baridi baiskeli nzima, ifute na upake oili kwenye cheni, chumvi haina huruma na chuma.

Na hao watoto waambie mazoezi yamehamia saa 12 na nusu asubuhi. Hawaamki.

SWALI: Mambo vipi bro. Mimi na wenzangu wawili tumejitolea kufundisha akina mama wa kikundi cha vikoba, huwa tunakutana viwanja vya Biafra Jumamosi. Pedeli tunatoa kama unavyosemaga. Wengi wameelewa ila kuna mama mmoja akipanda tu anakakamaa, macho kwenye tairi ya mbele, breki kazikamata muda wote, tukimwambia asiogope ndo anazidi. Tumfanyeje?

JIBU: Kwanza hongereni vijana. Pili, acheni kumwambia asiogope. Mtu mzima anaogopa kwa sababu za maana kabisa, akivunjika mkono nani atapika, nani atafungua genge kesho asubuhi? Mtoto wa miaka saba hana hesabu hizo.

Mama huyo msimpandishe kwanza. Mpe baiskeli aisukume kwa kutembea pembeni yake, azunguke nayo uwanja, akate kona, ajue uzito wake unavyovuta. Halafu chora mstari chini kwa fimbo, mwambie atembee nayo na ikifika mstarini akamate breki zote mbili taratibu isimame palepale. Arudie mpaka achoke. Mtu akijua anaweza kusimamisha kitu muda wowote anaotaka, nusu ya woga inaondoka bila hotuba, na ndo maana mi breki nafundisha kabla ya balansi wakati wengi wanazifanya somo la mwisho.

Akishapanda, mpe jambo moja tu kwa wakati, na mpe la kufanya sio la kuacha. Ukimwambia "usiangalie chini" ataangalia chini. Mwambie "niambie yule muuza maji kule getini kavaa shati rangi gani". Macho yakienda mbali kichwa kinanyanyuka, mabega yanashuka, usukani unatulia wenyewe. Mikono nayo, wengi wanaukamata usukani kama kuku anayetaka kutoroka, mwambie achezeshe vidole au awe anapiga stori na wewe huku anaserereka, mtu hawezi kuongea vizuri na kukakamaa vilevile. Ukimuona anacheka umemaliza kazi.

Na nyie watatu msimzunguke wote mkiongea! Mmoja tu aongee. Wengine wasogee kule, na waliokwisha kuweza wapelekwe upande mwingine wa uwanja na kazi yao, sio wakae wanamtazama. Kama anahitaji mkono, mwekee kiganja mgongoni juu, kati ya mabega, baiskeli msiiguse. Mkono wa mgongoni unampa moyo, wa kwenye siti unamnyang'anya somo.

Saa moja inatosha. Jua la Dar likishapanda mtu anachoka bila kujijua na makosa yanaanza, mtasema kasahau kumbe kachoka tu. Maji, kivuli, mapumziko, na mumalizie darasa wakati bado anataka kuendelea.

Kuna zoezi moja la waliokwisha kuweza ambalo nawasisitizia. Mwanafunzi anaendesha kwenye mstari ulionyooka, wewe uko nyuma yake, ukiita jina lake anageuza shingo kuangalia bega la kulia na kukutajia umenyoosha vidole vingapi, huku baiskeli haijahama mstari. Mara za kwanza wote wanapinda kulia, kila mtu, kwa sababu bega likigeuka mkono unavuta usukani. Hii msiiache mpaka iwe nyepesi kabisa. Asiyeweza hili msimpeleke barabarani hata kama anaendesha mpaka kwa mkono mmoja, maana kule kuangalia nyuma huku umenyooka ndo uhai wake.

SWALI: Assalaam aleikum. Mimi ni binti wa Magomeni, navaa baibui na hijabu. Natamani sana baiskeli ya kwendea chuo lakini naogopa nguo kunasa na naogopa maneno ya watu. Mama mwenyewe anasema haipendezi.

JIBU: Waaleikum salaam mdogo wangu. La nguo ni jepesi. Cheni iko upande wa kulia, kwa hiyo hatari kubwa ni pindo la kulia na lile la nyuma linalopepea kwenye spoki. Vaa suruali pana chini yenye lastiki miguuni, juu gauni la magotini au baibui lililopasuliwa pembeni, ukipanda unalikusanya na kulifunga kwa bendi. Tafuta baiskeli ya kike, isiyo na lile bomba la juu, yenye kava la cheni na madigadi, mitumba ya Japani nyingi zinakuja nazo tayari, na spoki za nyuma fundi anaweza kukufungia wavu. Hijabu iwe nyepesi ya kuvuta, mafundo na pini kisogoni yanaizuia helmeti isikae, na helmeti ikae usawa, vidole viwili juu ya nyusi, isiwe nyuma kama kofia ya harusini. Khanga kiunoni hapana kabisa, mkoba wa begani unaoning'inia nao hapana, weka kwenye kapu.

Maneno ya watu siwezi kukufungia wavu. Ila nenda Unguja uone, au nenda huko Usukumani mwanamke na baiskeli ni kitu cha kawaida hakuna anayegeuza shingo, ni sisi wa mjini tu. Mama usibishane naye, mwombe siku moja aje akuone uwanjani. Akikuona umevaa ulivyovaa na umetulia, mazungumzo yatakuwa mengine.

SWALI: Kaka mimi mitaani naendesha fresh tu, nakaa Manzese kazi Kariakoo. Nauli na foleni za mwendokasi zimenichosha nataka niende na baiskeli, ila Morogoro Road nikiiangalia na daladala na boda napata baridi. Nianzie wapi? Na kwanini tusipite ile njia ya mwendokasi iko wazi tu?

JIBU: Nianze na la mwisho. Usipite. Ile barabara tangu ianze kazi mwaka 2016 ni ya mabasi peke yake, na basi lile refu haliwezi kukukwepa, halina pa kwendea, kushoto ukingo kulia basi jingine. Pembeni kuna njia za waenda kwa miguu na baiskeli zimejengwa pamoja na mradi, shida kila mtu anaijua, hapa meza ya viatu, pale boda zimepaki, mbele kidogo mama na ndizi zake. UWABA, ule umoja wa waendesha baiskeli wa Dar, wamelipigia kelele suala la njia za baiskeli miaka na miaka. Kwa sasa zitumie pale zinapopitika, spidi ya mtu anayekimbia polepole, kengele mkononi, na ukikuta watu wamejaa shuka usukume, hupungukiwi kitu.

Usianze siku ya kazi. Jumapili alfajiri kukipambazuka pita njia yote mwanzo mwisho uijue, wapi kuna shimo, wapi mfuniko wa mtaro umeibiwa, wapi lami imekatika ghafla, ule mteremko wa kutoka Magomeni kwenda Jangwani breki zako zinasemaje. Na angalia mitaa ya ndani, Manzese na Magomeni zina mitaa mingi inayokwenda sambamba na barabara kuu, utazunguka kidogo ila utafika umetulia. Mvua kubwa zikinyesha Jangwani inajaa maji, siku hiyo baiskeli ilale, usijaribu kuvuka maji usiyoona chini yake.

Barabarani sasa. Kosa kubwa la wageni ni kujibana kushoto kabisa wakidhani ndo usalama. Ukijibana pale uko kwenye mchanga, chupa na mdomo wa mtaro, huna pa kukwepea, na dereva anaona nafasi ya kukupita imetosha hata kama haijatosha. Kaa kama mita moja kutoka ukingoni na unyooke, usiwe unaingia na kutoka kati ya magari yaliyopaki, na magari hayohayo yaache mita moja, mlango ukifunguka usikukute.

Daladala ina lugha yake. Konda akianza kugonga bodi au kutoa mkono na kichwa mlangoni, hiyo inaingia kituoni sasa hivi na itakukata kushoto bila kukuangalia. Usishindane nayo wala usipite kati yake na kituo, hapo abiria wanaruka. Punguza, subiri nyuma, au kama kuko wazi kabisa angalia nyuma, toa mkono wa kulia, ipite kwa kulia ukiwa mbali nayo. Boda watakuja mbele yako upande usio wao, hilo lihesabu kila siku, usiwafokee, wewe punguza tu na ushike mstari wako waone unakokwenda.

Kukata kulia kwenye makutano makubwa, mfano pale Magomeni, mi mwenyewe na uzoefu wote nashuka. Napita kivuko cha watu nasukuma, ng'ambo napanda naendelea. Lori nalo usiwahi kukaa ubavuni kwake kwenye taa, hasa kushoto, likikata kona dereva hakuoni na tairi za nyuma zinakata ndani zaidi kuliko za mbele. Kaa nyuma yake hata kama kuna kanafasi kanakuita.

Jioni giza linaingia fasta huku kwetu, taa nyeupe mbele nyekundu nyuma. Simu mfukoni, spika masikioni hapana. Na kama siku imekuwa mbaya, panda Manzese mpaka Magomeni tu, iache kwa ndugu au kwa fundi unayemwamini, umalizie na basi. Hakuna aliyesema lazima uende yote.

SWALI: Kijana, mimi ni mstaafu wa miaka 64, nipo Mbagala. Ujanani niliendesha sana. Daktari kanishauri mazoezi mepesi, nikanunua baiskeli, lakini nikizunguka kidogo tu goti la kulia linauma kwa mbele. Je, ni uzee?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Kabla ya uzee tuiangalie siti. Naamini umeiweka chini miguu ifike, kama tunavyowashauri wanaoanza, lakini kwa anayejua tayari siti ya chini inalikunja goti kupita kiasi kila mzunguko na maumivu ya mbele ya goti mara nyingi yanatokea hapo. Mwombe kijana akushikie baiskeli, ukae, weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa, mguu unatakiwa uwe umenyooka. Ukiendesha sasa kwa unyayo wa mbele goti litabaki na kakunjo kadogo. Pandisha kidogokidogo mpaka upate hapo. Kama ina gia tumia nyepesi, miguu izunguke haraka bila kusukuma mzigo.

Goti likiendelea kuuma hata baada ya hapo rudi kwa daktari mzee wangu, na umwambie kabisa ni baiskeli unayoendesha, hasa kama kuna dawa za presha unazotumia au unapata kizunguzungu ukisimama ghafla. Ujanani hukuwa nazo.

SWALI: Ninunue ipi ya kujifunzia? Nina bajeti ndogo, fundi ananisukumia Phoenix ya kiume anasema ngumu haifi.

JIBU: Kweli ni ngumu haifi, ila nzito na ndefu, kwa anayeanza inamnyima raha, siti haishuki ya kutosha na bomba la juu linazuia kushuka haraka. Chukua mtumba mdogo wa inchi 24 au 26 wa kike. Kabla ya kutoa hela nyanyua tairi ya mbele uizungushe, ione kama inayumba, fanya hivyo na ya nyuma, shika breki uisukume mbele kwa nguvu, tairi isizunguke. Angalia mpira wa tairi ubavuni kama umepasukapasuka kwa jua, wauzaji wanapaka rangi nyeusi ing'ae.

Halafu jambo ambalo fundi hatakuambia, jaribu breki ipi ni ya wapi. Zilizotoka Japani mkono wa kulia kawaida ni breki ya mbele, zilizotoka Ulaya bara nyingi ni kinyume, na zile za Uholanzi zipo ambazo za nyuma unasimamisha kwa kukanyaga pedeli kurudi nyuma, hizo za kujifunzia bila pedeli zinakusumbua maana ukishatoa pedeli breki ya nyuma hauna. Ya mbele ndo yenye nguvu zaidi, ukiibana peke yake ghafla kwenye mteremko unaweza kurukia mbele, kwa hiyo ijue iko mkono gani kabla hujatoka dukani, na kama ziko kinyume na ulivyozoea mwambie fundi abadilishe waya hapohapo, usimlipe mpaka amalize.